Safari Ndefu ya Hospitali Kutoka Ufukweni Hadi Temeke

Ukisimama jioni katika mtaa wa Hananasif, Kinondoni, mahali nyumba zinapokoma na bonde la Mto Msimbazi linapoanza, utaziona ng'ambo ya pili taa za Hospitali ya Muhimbili zikiwashwa. Kwa macho, mwendo wenyewe si kitu. Lakini baina ya mtaa huo na hospitali hiyo pana tope, mikoko na maji ambayo hufurika kila masika yanapokuja kwa kishindo. Mgonjwa hawezi kukatiza hapo. Hana budi azunguke, ama kwa kupitia Magomeni na Jangwani, ama kwa Daraja la Selander upande wa baharini. Na mvua inaponyesha kwelikweli, Jangwani nako hugeuka ziwa, kama ilivyotokea Desemba 2011 pale mafuriko yalipoifunga Barabara ya Morogoro.

Mwulize mzee yeyote wa Kinondoni au wa Temeke habari za hospitali katika mji huu. Aghalabu hataanza kwa kukutajia daktari wala dawa. Ataanza kwa kukueleza njia.

Ndivyo alivyokuwa akianza bibi yangu mzaa mama, ambaye aliishi Tandika tangu siku ambazo upande huo ulikuwa minazi na mashamba ya mihogo. Alikuwa akipenda kusimulia masika ya mwaka 1960, alipopatwa na uchungu usiku wa manane. Mkunga wa jirani aliyekuja kumwangalia aliona mambo hayaendi sawa, akasema, “Huyu si wa nyumbani huyu, mpelekeni.” Gari hapakuwa. Babu akaenda kugonga mlango wa rafiki yake mwenye mkokoteni wa kuchukulia mkaa, wakatandika mkeka na khanga, wakashika njia ya Chang'ombe. Walifika Keko alfajiri. Mjomba wangu alizaliwa hapohapo kando ya barabara, chini ya mwavuli, na hadi leo akikosana na ndugu zake humwita mtoto wa mkokoteni.

“Lakini Bibi, shukuru Mungu mlipona,” nilimwambia siku moja.

“Nashukuru, mjukuu wangu,” akajibu. “Wangapi hawakupona, nao walikuwa njia ileile?”

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo lililonifanya nitazame upya historia ya hospitali za mji wetu. Vitabu huieleza kwa majengo na kwa majina ya waliofungua majengo hayo. Mimi naiona kuwa ni historia ya mwendo: hospitali ilikuwa wapi, na mgonjwa alikuwa wapi.

Mwanzo wake uko baharini. Wajerumani walipoifanya Dar es Salaam kuwa makao makuu yao mwaka 1891, walichagua kujenga hospitali ya Wazungu pale penye upepo mwanana, ufukweni. Jengo hilo la Ocean Road, lenye minara yake myeupe, lilijengwa baina ya mwaka 1895 na 1897. Bingwa mashuhuri wa vijidudu vya maradhi, Robert Koch, ambaye mwaka 1882 alikuwa amegundua kijidudu cha kifua kikuu, alifika Dar es Salaam mwaka 1897 na kufanya uchunguzi wa malaria. Kutokana na mafunzo yake, mwanzoni mwa karne ya 20 wakazi wa mji walianza kupimwa damu na kumezeshwa kwinini. Ilikuwa kazi kubwa ya kitaalamu, hilo halina ubishi. Ila mwenyeji ambaye damu yake ilitazamwa kwa darubini hakuwa na kitanda katika jumba lile la minara.

Kitanda cha mwenyeji kilitoka kwa mtu mwingine kabisa. Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, mzaliwa wa Unguja, aliyetajirikia Bagamoyo kwa kuiuzia bidhaa na kuikopesha misafara iliyokwenda bara. Utajiri wa biashara hiyo una mengi ya kuulizwa, maana misafara ile ilibeba pembe kwa mabega ya watu. Lakini mtu huyo alifanya jambo ambalo serikali yenyewe haikulifanya. Huko Bagamoyo alitoa nyumba ya shule kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokewe, na Dar es Salaam alitoa fedha za kujenga hospitali ya Waafrika na Wahindi. Alifariki mwaka 1897, mwaka uleule ilipokamilika hospitali ya Ocean Road. Kwa zaidi ya nusu karne, mtu wa Kariakoo, wa Ilala au wa Temeke aliyesema “naenda hospitali” alikuwa na maana ya Sewa Haji.

Waingereza walipoitwaa nchi baada ya Vita Kuu ya kwanza waliuacha mpango huo ulivyokuwa. Ocean Road ikabaki ya Wazungu na Sewa Haji ikabaki ya wengine. Kwa maandishi, sheria zao za mipango miji ziligawa mji kwa aina ya majengo. Kwa vitendo ziliugawa kwa rangi, yaani Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati kama ukanda wa kutenga. Miongoni mwa hoja zilizotolewa ni afya: eti mbu na maradhi ya Uswahilini yasiruke kwenda kwa wengine. Mtu anaweza kujiuliza kama mbu waliarifiwa.

Baada ya Vita Kuu ya pili mji ulianza kupasuka. Serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za kota Ilala, Magomeni na Temeke kwa ajili ya Waafrika wenye ajira, na pembezoni mwa kota hizo watu wakajijengea nyumba zao za udongo na makuti. Kila mwaka Uswahilini ulisogea mbali zaidi na bahari. Hospitali haikusogea kwa kiasi hicho. Mwezi Oktoba 1956 binti wa mfalme wa Uingereza, Princess Margaret, alikuja kufungua hospitali kubwa mpya iliyopewa jina lake, huko Upanga upande wa bonde la Msimbazi. Wagonjwa wa Sewa Haji wakahamishiwa huko. Ilikuwa hospitali nzuri, tena ya kisasa. Lakini kwa mtu wa Tandika ilikuwa bado ng'ambo ya Chang'ombe, Keko na Kariakoo.

Baada ya Uhuru hospitali hiyo ikaitwa Muhimbili. Jina la Sewa Haji halikupotea, kwani jengo moja la wodi linaitwa hivyo mpaka leo, na jengo jingine likapewa jina la Kibasila, yule jumbe wa Uzaramo aliyekataa kulimishwa pamba kwa shuruti na kunyongwa na Wajerumani wakati wa Maji Maji. Nimewahi kulala wodini humo nikiuguza ndugu, nikawaza jinsi tajiri wa misafara na jumbe wa Uzaramo walivyokutana katika ua mmoja.

Tulianza na uchache mno. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Waingereza walituachia madaktari 12 wazalendo kwa nchi nzima. Chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, na mwaka 1968 kikawa kitivo cha Chuo Kikuu. Kisha likaja Azimio la Arusha la mwaka 1967, na baada yake uamuzi wa miaka ya mwanzo ya 1970 kwamba fedha za afya zielekezwe vijijini, kwenye zahanati na vituo vya afya, badala ya kumalizikia katika hospitali kubwa za mijini. Kipimo kilichokusudiwa kilikuwa zahanati moja kwa watu wapatao 10,000 na kituo cha afya kwa watu wapatao 50,000. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wazima kwa mamilioni walikaa katika vikundi wakisikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka.

Siasa hiyo ilikuwa ya haki, nami siwezi kuilaumu. Mkulima wa Rufiji alikuwa na mwendo mrefu kuliko wa bibi yangu. Hata hivyo pana jambo ambalo halisemwi sana. Temeke, Mbagala, Mwananyamala, Manzese na Tandale hazikuwa kijiji, wala hazikuwa mji. Zilipohesabiwa, zilihesabiwa kuwa ni mji ambao una Muhimbili. Zilipotazamwa, zilikuwa na visima vya kuchota kwa kamba na njia za mchanga. Wananchi wake walianguka baina ya viti viwili, na wakati huohuo walikuwa wanaongezeka upesi kuliko watu wa mahali pengine popote nchini. Sensa ya mwaka 1967 iliukuta mji wa Dar es Salaam una watu wapatao 270,000. Sensa ya mwaka 1978 iliukuta mkoa una watu zaidi ya 800,000.

Ndipo hospitali ilipoanza, polepole, kuwafuata watu. Haikuja kwa kishindo cha kukata utepe. Ilikuja kwa zahanati na vituo vya afya, vyumba vichache vya matofali na baraza ya kungojea, ambavyo viliongezwa wodi moja baada ya nyingine. Kwa njia hiyo zilikua hospitali tatu za wilaya: Amana kwa Ilala, Temeke kwa Temeke, na Mwananyamala kwa Kinondoni. Mpango wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970, uliopima Sinza, Kijitonyama na Mikocheni na kuitengeneza Manzese, nao ulitenga mahali pa shule, masoko na zahanati.

Juu ya jina la Mwananyamala wazee husimulia kwamba zamani palikuwa pori lenye wanyama wakali, na mama aliyepita hapo na mtoto mgongoni alimbembeleza anyamaze wasije wakasikiwa. Sijui kama ndivyo, lakini hadithi ni nzuri, hasa kwa mtu aliyewahi kukesha nje ya wodi ya wazazi ya hospitali hiyo, ambako mwana hanyamai hata dakika moja.

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula fedha, mafuta yalikuwa ya mgao, na mgonjwa alipoandikiwa dawa alijua kuwa safari ndiyo kwanza imeanza. Mabasi ya UDA yalikuwa machache mno. Nathubutu kusema kwamba mwaka 1983, daladala ziliporuhusiwa rasmi, ulikuwa mwaka muhimu katika historia ya afya ya mji huu, ingawa hakuna daktari atakayeuandika hivyo. Mama mjamzito wa Mtoni aliweza sasa kwenda kliniki asubuhi na kurudi kabla ya jua kukaza. Zahanati za binafsi za biashara zilikuwa zimepigwa marufuku tangu 1977, ziliporuhusiwa tena mwaka 1991 zikachipua kila kona ya Kinondoni na Temeke, nyingine nzuri, nyingine chumba kimoja na pazia. Na kuanzia mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kuwatoza wananchi ada, ijapokuwa wajawazito na watoto wadogo walisamehewa katika maandishi. Nasema katika maandishi kwa sababu mara nyingi mzazi aliambiwa aje na glavu zake, pamba yake na wembe wake.

Majengo yenyewe yalikuwa yamechakaa. Kuanzia mwaka 1990 mradi wa afya ya mji wa Dar es Salaam, uliosaidiwa na Uswisi, ulikarabati hospitali za wilaya, vituo na zahanati na kuzipa utaratibu mpya wa uongozi. Hapo ndipo watu wengi walipoanza kuamini kwamba mtu anaweza kwenda Temeke au Amana akapasuliwa na kupona bila kupelekwa Muhimbili. Imani hiyo ilizaa shida mpya. Wazazi walimiminika. Katika miaka ya 2000 magazeti hayakuchoka kuandika juu ya akina mama wawili, na hata watatu, katika kitanda kimoja, na wengine sakafuni na watoto wao wachanga. Mwendo ulikuwa umefupishwa, lakini sasa kitanda ndicho kilichokuwa hakipo.

Wakunga na waganga wa serikali husema kwamba mama anayefia uzazini hucheleweshwa mara tatu: nyumbani, watu wanapokuwa wanashauriana, njiani, na hospitalini, anapokuwa amefika na hapati wa kumhudumia. Bibi yangu alicheleweshwa ya pili. Wajukuu zake wamekutana zaidi na ya tatu. Dada yangu mmoja alijifungulia barazani mwa hospitali ambayo sitaitaja, huku muuguzi mmoja akikimbia baina ya wazazi tisa. Sikuweza kumkasirikia muuguzi yule. Jasho lilikuwa linamtoka kama mpagazi wa bandarini.

Aprili 29, 2009, maghala ya silaha ya jeshi yalipolipuka Mbagala, wananchi walikimbia pande zote, na majeruhi wengi wakapelekwa Temeke. Watu zaidi ya 20 walikufa. Februari 16, 2011 maghala ya Gongo la Mboto nayo yakalipuka, na zamu ikawa ya Amana. Siku hizo mbili hakuna aliyeuliza tena kwa nini hospitali iwe pembezoni mwa mji. Miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 2010 hospitali tatu za wilaya zikapandishwa kuwa hospitali za rufaa za mkoa. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia, Amana ndiyo iliyotengwa kupokea wagonjwa wake.

Watu wa Kigamboni wana hesabu yao peke yao. Walikuwa wilaya moja na Temeke kwa miaka mingi, lakini bahari ilikaa katikati. Mgonjwa alifika kivukoni, akasubiri pantoni, akavuka, kisha ndipo akatafuta gari. Na usiku pantoni likiwa limetia nanga upande wa pili, mgonjwa alitia nanga naye. Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016. Sasa Kigamboni ni wilaya kamili, na hospitali wanayo kwao Vijibweni.

Katika habari zote nilizokusanya, iliyonigusa zaidi inatoka Msasani, katika hospitali ya CCBRT. Huko hutibiwa akina mama wenye fistula, jeraha linalotokana na uchungu wa siku nyingi bila msaada, ambalo humwacha mama akivuja mkojo na mara nyingi akikimbiwa na watu wake. Kwa ufupi, ni ugonjwa wa waliochelewa njiani. Matibabu yalikuwa bure, lakini wagonjwa hawakuja, kwa kuwa hawakuwa na nauli. Hospitali ikaamua kuwatumia nauli hiyo kwa simu ya mkononi, kupitia kwa mtu wa karibu aliyemfahamu mgonjwa, akamnunulia tiketi ya basi. Fikiri, ndugu msomaji: kutoka hospitali ya ufukweni iliyomfungia mwenyeji mlango, hadi hospitali inayompelekea nauli.

Na matokeo yanaonekana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria kwamba akina mama 556 walikufa kwa kila vizazi hai 100,000 nchini. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Lakini mji nao haukusimama. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hospitali mpya za wilaya zimejengwa Kivule na Mabwepande, mahali ambapo bibi yangu angepaita porini. Na nyuma ya Kivule tayari kuna nyumba mpya, na nyuma ya nyumba hizo kuna viwanja vilivyokwisha pimwa.

Juma lililopita nilipita Temeke asubuhi, saa ya kuona wagonjwa. Langoni walisimama akina baba wapatao 20, kila mmoja na chupa ya chai, beseni jipya na khanga zilizokunjwa. Kijana mmoja aliniambia amemleta mkewe saa nane za usiku kwa bajaji, kutoka Tandika, na safari haikuchukua hata robo saa. Mkewe alikuwa amekwisha jifungua salama. Alichokuwa anangoja ni kuruhusiwa kuingia, na kujua kama amepata kitanda cha peke yake.